Mzigo wa Mwenzio: Nia na Mwili katika Historia ya Kuingia Jeshini Afrika ya Mashariki

1.0 Utangulizi

Mhadhara huu unahusu swali ambalo kila kijana anayefikiria kuingia jeshini hulikabili kabla hajavaa sare: je, nia ya mtu inaweza kuushinda mwili wake? Jibu la haraka limo katika methali ambayo watoto huifahamu tangu shule ya msingi, kwamba penye nia pana njia. Hata hivyo, hazina hiyohiyo ya methali inayo nyingine isemayo kuwa mbio za sakafuni huishia ukingoni. Waswahili wamezitunza zote mbili bila kuona haja ya kuitupa mojawapo, na jambo hilo lenyewe linadokeza kuwa suala hili si jepesi kama linavyosemwa siku ya kuandikisha askari.

Historia ya Afrika ya Mashariki ina ushahidi mwingi juu ya suala hili. Kati ya misafara ya karne ya 19 na kumalizika kwa Vita Kuu ya Pili ya Dunia mwaka 1945, mamia ya maelfu ya wanaume wa eneo hili waliingia katika kazi ya vita au kazi iliyofanana nayo. Wapo walioingia kwa hiari, wapo walioingia kwa imani, na wapo waliokamatwa usiku nyumbani kwao. Miili yao ilipimwa, ikabebeshwa, ikalishwa au ikanyimwa chakula, na matokeo yake yanajulikana.

Hoja inayojengwa hapa ni kwamba nia ilizaa matunda pale ambapo mwenye nia alikuwa na kauli juu ya mwili wake mwenyewe, yaani juu ya kile alichokula, uzito aliobeba na wakati wa kupumzika. Au, alipokosa kauli hiyo, pale ambapo waliomwamuru walibeba wajibu wa kuutunza mwili huo. Yalipokosekana yote mawili, ushupavu haukumfikisha mtu mbali. Zaidi ya hayo, sifa za ushupavu mara nyingi zilitolewa na watu ambao wao wenyewe hawakubeba kitu. Methali nyingine ya Kiswahili inalieleza hilo kwa ufupi: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

2.0 Moyo, nia na mwili katika lugha

Kabla ya kuingia katika matukio, inafaa kuyatazama maneno. Katika Kiswahili, ujasiri hukaa moyoni. Mtu hujipa moyo, hupiga moyo konde, huvunjika moyo. Moyo huo ni kiungo cha mwili na wakati huohuo ni makao ya nia, hivyo lugha haijaweka ukuta kati ya vitu hivyo viwili. Anayeingia jeshini kwa hiari husemwa kuwa amejitolea, kitenzi kinachobeba maana ya kuitoa nafsi yenyewe, mithili ya sadaka. Neno ukakamavu nalo huhusu ugumu wa viungo na vilevile ugumu wa tabia.

Maneno ya jeshi lenyewe yana historia yake. Neno askari lilitoka katika Kiarabu, likatumika kwa walinzi wa misafara na wa masultani, kisha likachukuliwa na serikali za kikoloni. Kuruta ni jina la askari mpya ambaye mwili wake bado unafinyangwa. Keya lilikuwa jina la kikosi cha King's African Rifles, na pia la askari wake. Kariakoo, jina linalotajwa leo na maelfu ya watu wanaokwenda sokoni Dar es Salaam, lilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ambacho kilikuwa na kambi mahali hapo baada ya mji kutekwa mwezi Septemba 1916. Nairobi nako kuna mtaa wa Kariokor wenye asili hiyohiyo. Katika Nyasaland, yaani Malawi ya leo, wapagazi wa vita hivyo waliitwa tengatenga. Majina hayo yamedumu kuliko majina ya watu wenyewe.

3.0 Mpagazi wa hiari katika karne ya 19

Kabla ya majeshi ya kikoloni, kazi iliyoupima mwili wa mwanamume kuliko nyingine katika nchi za bara ilikuwa upagazi. Wanyamwezi ndio waliosifika zaidi. Richard Burton, aliyepita Unyamwezi mwaka 1857 akielekea Ziwa Tanganyika, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1860 kwamba kwao kazi ya kubeba mizigo ilihesabiwa kuwa kipimo cha uanaume, na kwamba watoto walizoeshwa kubeba vipande vidogo vya pembe tangu wakiwa wadogo. Kijana ambaye hakuwa amefika pwani alikuwa na upungufu mbele ya wenzake.

Mizigo ilikuwa mizito. Mpagazi alibeba karibu frasila mbili, na frasila moja ni ratili 35, kwa hiyo uzito wote ulikaribia kilo 32, bila kuhesabu chungu, mkeka na silaha yake. Kutoka Tabora hadi Bagamoyo ni mwendo wa mamia ya kilomita kupitia nyika isiyo na maji ya kutosha. Mtu asiyejua mazingira hayo angeweza kudhani kuwa ni nia peke yake iliyowafikisha.

Uchunguzi wa karibu unaonyesha mambo mengine. Misafara ilianza safari alfajiri na kutua kabla jua halijawa kali. Kirangozi alitangulia akiweka mwendo ambao wote waliweza kuufuata. Wengi walisafiri wakati wa kiangazi na kurudi nyumbani kulima. Uzito wa mzigo ulikubaliwa kabla ya kuondoka, na mwenye mali aliyejaribu kuuongeza njiani alikabiliwa na mgomo, au aliamka asubuhi akakuta watu wametoroka. Siku za kupumzika zilidaiwa kama haki. Wageni kutoka Ulaya waliyaandika mambo hayo kwa hasira wakiyaita uvivu na ukaidi. Kwa wapagazi wenyewe yalikuwa ujuzi wa kazi: mtu aliyeijua njia alijua pia mahali ambapo mwili hukoma.

Hivyo nia ya mpagazi wa karne ya 19 ilikuwa na misingi mitatu. Mwili wake ulizoeshwa tangu utotoni, kipimo cha kazi kilijadiliwa, na mlango wa kuondoka ulikuwa wazi. Misingi hiyo inafaa kukumbukwa, kwa sababu kazi hiihii ya kubeba ilirudi mwaka 1914 ikiwa imeondolewa yote mitatu.

4.0 Maji ya mwaka 1905

Mfano wa pili ni wa jeshi lililoundwa kwa imani. Mwaka 1905 huko Ngarambe, karibu na Mto Rufiji, Kinjikitile Ngwale aligawa dawa ya maji iliyoaminiwa kuwa itazigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Vita vilianza katika nchi ya Wamatumbi mwezi Julai, kwa kung'oa mipamba ya shamba ambalo watu walilazimishwa kulilima. Kinjikitile alinyongwa mwanzoni mwa Agosti, lakini dawa ilikwisha kusambaa hadi Mahenge, Songea na kwingineko.

Kwa mtazamo wa mada hii, kunywa au kupakwa maji ndiko kulikokuwa kuandikishwa jeshini. Maji yaliwatia moyo watu wa makabila yasiyokuwa na mfalme mmoja wala kambi moja ya mafunzo, yakawafanya wasimame bega kwa bega. Umoja huo ulikuwa wa kweli, na hakuna nguvu nyingine iliyokuwa imeweza kuuleta katika eneo pana kiasi hicho. Lakini tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya wapiganaji waliishambulia boma ya Mahenge wakiwa wameamini kwamba miili yao haitapenya risasi, na walikutana na bunduki za rashasha, ambazo Waswahili wa wakati ule waliziita bombomu. Waliuawa kwa mamia.

Vita viliendelea hadi mwaka 1907, na viligeuka kuwa vita dhidi ya tumbo. Jeshi la Wajerumani lilichoma vijiji, likatwaa nafaka na kuharibu mashamba. Hesabu ya serikali ya kikoloni ilikuwa watu 75,000 waliokufa; wanahistoria wa baadaye, akiwamo G.C.K. Gwassa, wamekadiria kati ya 250,000 na 300,000. Walio wengi waliuawa na njaa na maradhi yaliyofuata njaa.

Ebrahim Hussein aliliweka suala hili jukwaani katika tamthilia yake Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969. Uzito wa tamthilia hiyo kwa mjadala huu ni kwamba haimdhihaki aliyeamini. Inamwonyesha kiongozi anayefahamu kuwa watu wanahitaji kitu cha kuwatia moyo, na wakati huohuo anaogopa kitakachowapata watakapokwenda vitani na moyo huo bila silaha na mafunzo. Hofu hiyo ndiyo kiini cha suala lote: nia inaweza kumfikisha mtu mbele ya adui, lakini haiwezi kuufanyia mwili kazi ambayo ngao, chakula na mazoezi havikufanya.

5.0 Futi tano na inchi tatu

Vita Kuu ya Kwanza vilipoanza mwezi Agosti 1914, mataifa ya Ulaya yalikuwa na kanuni za kupima miili ya wanaoingia jeshini. Katika Uingereza, urefu wa chini uliokubaliwa ulikuwa futi 5 na inchi 3, yaani sentimita 160. Vijana wafupi walikataliwa hata kama walikuwa na hamu kubwa. Mwezi Novemba mwaka huo, mbunge wa Birkenhead, Alfred Bigland, alipata kibali cha kuunda vikosi vya wanaume wenye urefu kati ya futi 5 na futi 5 na inchi 3. Vikosi hivyo viliitwa bantam, jina la jogoo mdogo mpiganaji.

Waliojitokeza kwanza wengi wao walikuwa wachimba makaa ya mawe na vibarua, wafupi lakini wenye vifua na mikono iliyokomaa kwa kazi. Walithibitisha kwamba kipimo cha inchi hakikuwa kipimo cha uwezo. Walipopungua vitani, nafasi zao zilijazwa na vijana ambao ufupi wao ulitokana na utapiamlo na maradhi ya miji ya viwanda. Hao nao walikuwa na nia, lakini miili yao haikuhimili, na kufikia majira ya baridi ya 1916 hadi 1917 jeshi lilianza kuwaondoa kwa wingi. Kanuni ya urefu ilikuwa imewakataa watu wenye uwezo, na kule kuipuuza bila kupima jambo jingine kuliwapokea watu wasio na uwezo.

Kisa kingine cha kuandikishwa London kiliishia katika ardhi ya Tanzania. Frederick Courteney Selous, mwindaji aliyezaliwa tarehe 31 Desemba 1851, aliomba kupigana akakataliwa kwa sababu ya umri. Hakukata tamaa, na mwaka 1915 alikubaliwa katika kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, kilichokusanya wawindaji, mabaharia na wasafiri wa kila namna, wengine wakiwa wazee. Kikosi hicho, chenye watu zaidi ya 1,000, kilitua Mombasa mwezi Mei 1915. Selous alikuwa na umri wa miaka 63.

Wenzake waliokuwa vijana kuliko yeye walianguka kwa malaria na kuhara damu, na mwanzoni mwa mwaka 1917 mabaki ya kikosi yalipelekwa Afrika ya Kusini kupumzishwa. Selous alikuwa ametembea katika misitu ya Afrika tangu mwaka 1871, na mwili wake ulikuwa na mazoea ambayo wao hawakuwa nayo. Hata hivyo, mwaka 1916 alilazimika kurejeshwa Uingereza kufanyiwa upasuaji, kisha akarudi vitani. Tarehe 4 Januari 1917 aliuawa kwa risasi huko Behobeho, karibu na Mto Rufiji, akiwa na miaka 65. Kaburi lake lipo hadi leo katika eneo ambalo tangu mwaka 2019 ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na ambalo hapo awali liliitwa kwa jina lake.

Selous mara nyingi hutajwa kama ushahidi wa nguvu ya nia. Ni kweli kwamba nia yake ilikuwa kubwa. Lakini alipotua Mombasa alikuwa na mazoea ya zaidi ya miaka 40. Alikuwa na cheo cha ofisa. Alipougua alipata meli ya kumrudisha kwa madaktari. Na mizigo yake ilibebwa na watu wengine. Ni hao ambao sehemu ifuatayo inawahusu.

6.0 Kariakoo, 1914 hadi 1918

Vita vya Afrika ya Mashariki vilipiganwa katika nchi isiyo na barabara za kutosha, ambako farasi, nyumbu na ng'ombe walikufa kwa kuumwa na mbung'o. Chakula, risasi na majeruhi vilibebwa kichwani. Mwaka 1915 serikali ya Himaya ya Uingereza ya Afrika ya Mashariki ilipitisha sheria iliyoruhusu kuwachukua wapagazi kwa nguvu. Uongozi wa kikosi chao ulikuwa chini ya Oscar Watkins, na mwezi Machi 1917, baada ya haja kuongezeka, John Ainsworth aliteuliwa kusimamia ukusanyaji mkubwa wa wanaume katika wilaya zote. Machifu walipewa idadi ya kutimiza.

Katika vituo vya kuandikisha, madaktari waliwapima waliokusanywa na waliwakataa wengi kwa kukosa afya. Hapa ndipo tofauti na London inapojitokeza. Kule, mtu aliyekataliwa alirudi nyumbani na huzuni ya kutokubaliwa. Huku, kukataliwa kulikuwa bahati, na nia ya mtu haikuulizwa kabisa. Mwili ulikuwa kitu pekee kilichotakiwa kutoka kwake, na ulitazamwa siku moja tu, mlangoni.

Yaliyofuata yaliamuliwa na hesabu rahisi. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 25 hivi na alihitaji takriban kilo moja ya nafaka kwa siku. Akibeba chakula, ndani ya siku 25 atakuwa ameumaliza mzigo wote yeye mwenyewe. Akienda siku 10 na kurudi siku 10, amekula kilo 20 ili kufikisha kilo 5. Kadiri majeshi yalivyozidi kumfuata Paul von Lettow-Vorbeck kusini kuelekea Rufiji na Ruvuma, ndivyo wapagazi walivyohitajika wengi zaidi kwa ajili ya kuwalisha wapagazi wenzao, na ndivyo kishawishi cha kupunguza posho yao kilivyoongezeka.

Chakula chenyewe kilikuwa tatizo. Unga wa mahindi uligawiwa kwa watu waliozoea ndizi, viazi au wimbi. Mwisho wa mwendo wa siku nzima hapakuwa na muda, kuni wala vyungu vya kutosha, na unga uliliwa ukiwa nusu mbichi. Matumbo yaliharibika, na kuhara damu kukawaua watu wengi. Wenyeji wa nyanda za juu zenye baridi walishushwa katika mabonde ya malaria. Wengine walilala bila blanketi katika mvua na kupata nimonia. Masika ya mwaka 1917 katika bonde la Rufiji yalifurika, yakayakata majeshi na chakula chao.

Askari hawakuwa salama, lakini walikuwa na hali tofauti. Katika jeshi la Wajerumani, na kwa kiasi fulani katika Keya, wake wa askari waliandamana na jeshi, wakitafuta chakula na kukipika. Askari alikuwa na mshahara bora, viatu au buti, na heshima ya bunduki. Mpagazi aliyekamatwa hakuwa na mtu wa kumpikia.

Mifano miwili inathibitisha kwamba suala halikuwa upungufu wa moyo. Wa kwanza unatoka visiwa vya Ushelisheli. Mwishoni mwa mwaka 1916 karibu wanaume 800 walisafirishwa kutoka huko kwenda pwani ya kusini ya Tanganyika ya leo kufanya kazi ya jeshi. Walikuwa wamejitolea. Katika miezi michache zaidi ya 200 walikufa kwa malaria, beriberi, kuhara damu na nimonia, na waliobaki wakarudishwa kwao. Hiari yao haikuwapa kinga dhidi ya homa ambayo miili yao haikuwahi kuizoea.

Mfano wa pili unatoka Ukikuyu. Mwaka 1917 Dakta John Arthur wa misheni ya Kanisa la Scotland aliongoza kikosi cha karibu watu 2,000 kutoka misheni mbalimbali, ambao waliona ni heri waende pamoja na watu wanaowafahamu kuliko kuchukuliwa katika msako wa jumla. Walitoka katika nyanda zilezile na kabila lilelile na wapagazi wengine, wakaenda katika vita vilevile. Lakini walisimamiwa na daktari na viongozi waliowajua kwa majina, ambao waliangalia chakula kilivyopikwa na wagonjwa walivyotibiwa. Kiwango chao cha vifo kilikuwa cha chini sana kikilinganishwa na cha wapagazi kwa jumla. Nia peke yake haiwezi kueleza tofauti hiyo. Inaelezwa na sufuria, dawa na msimamizi anayewajibika.

Vita vilipomalizika kwa kusalimu amri kwa Lettow-Vorbeck huko Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, idadi ya wapagazi wa upande wa Waingereza waliokufa ilitajwa kuwa zaidi ya 95,000. Wengi wao hawakufa kwa risasi. Katika mnara wa kumbukumbu uliojengwa Nairobi, sanamu ya mpagazi imesimama pamoja na sanamu za askari, lakini majina hayapo. Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

7.0 Mwili hutengenezwa

Idadi kubwa ya wanaume waliokataliwa na madaktari mwaka 1917 iliacha swali katika vichwa vya watawala wa Kenya: kwa nini miili ya raia wao ilikuwa dhaifu? Mwaka 1931 John Gilks, aliyeongoza idara ya tiba ya Kenya, na John Boyd Orr wa Aberdeen walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya Wakikuyu na Wamasai. Mwanamume wa Kimasai, aliyekula nyama, maziwa na damu, alikuwa kwa wastani mrefu kwa inchi 5 na mzito kwa ratili 23 kuliko mwanamume wa Kikuyu, ambaye mlo wake ulikuwa nafaka na mizizi. Wanawake wa Kikuyu, waliokula mboga za majani zaidi, walikuwa na afya nafuu kuliko waume zao.

Uchunguzi huo umekosolewa na wataalamu wa baadaye, hasa kwa kutozingatia kikamilifu upotevu wa ardhi na kazi za vibarua zilizobadili mlo wa Wakikuyu. Hata hivyo, ulivunja dhana moja kongwe, kwamba yako makabila ya vita kwa asili na mengine ya jembe. Kile ambacho maofisa walikiita damu ya kishujaa, kwa sehemu kubwa kilikuwa maziwa.

Vita Kuu ya Pili vililithibitisha hilo kwa upana. Askari wa Afrika ya Mashariki walihesabiwa kwa mamia ya maelfu, na safari hii makuruta walipewa mlo kamili, wakaongezeka uzito na nguvu wakiwa katika mafunzo. Mwaka 1944 divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki ilipigana Burma, katika bonde la Kabaw, wakati wa mvua kubwa. Bonde hilo lilikuwa na sifa mbaya ya malaria. Askari walitembea katika matope, wakabeba mizigo mahali ambapo magari hayakupita, na mwezi Desemba Kalewa ikatwaliwa.

Mwenye kulinganisha Rufiji ya 1917 na Kabaw ya 1944 ataona mvua zinazofanana, malaria ileile na watu kutoka wilaya zilezile. Baadhi ya askari wa Burma walikuwa wana wa wapagazi wa Kariakoo. Hakuna sababu ya kudhani kwamba wana walikuwa na moyo mkubwa kuliko baba zao. Walichokuwa nacho ni vidonge vya mepakrini kila siku, chakula kilichoangushwa kwa ndege, hospitali za karibu, na jeshi lililokuwa limejifunza, kwa gharama ya makaburi, kwamba mwili una bei yake.

8.0 Hitimisho

Mlango wa jeshi bado una mizani na rula. Matangazo ya Jeshi la Ulinzi la Kenya katika miaka ya karibuni yamemtaka anayeomba awe na urefu usiopungua mita 1.60 na, kwa wanaume, uzito usiopungua kilo 54.55. Mita 1.60 ni sawa na zile futi 5 na inchi 3 za mwaka 1914. Nchini Tanzania, mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria, yaliyositishwa mwaka 1994, yalirejeshwa mwaka 2013, na vijana wanaomaliza kidato cha sita wamekuwa wakiitwa tena makambini. Kila mwaka wapo wanaojiuliza kama moyo wao utawafidia pale ambapo mwili unapungua.

Historia iliyoelezwa haiwavunji moyo. Inaonyesha kwamba mwili si hatima: wachimba makaa wafupi waliushinda ubao wa kupimia, mzee wa miaka 63 aliwapita vijana kwa mwendo, na makuruta wa mwaka 1942 waliongezeka uzito wakiwa mafunzoni. Mwili hufundishika, iwapo utapewa muda, chakula na kiasi. Wapagazi wa Unyamwezi walilijua hilo bila daktari wala kanuni, na walijua pia kwamba anayejua kubeba ndiye anayejua kutua.

Pamoja na hayo, historia hiyohiyo inaonya dhidi ya wale wanaosifu nia ya wenzao. Pale Mahenge, Rufiji na Kilwa, waliokufa hawakupungukiwa na moyo. Walipungukiwa na mambo ambayo moyo hauwezi kuyatoa. Kwa hiyo kijana anayefikiria kuingia jeshini ana haki ya kujiuliza maswali mawili kwa pamoja. La kwanza, analoliuliza peke yake kitandani, ni kama yuko tayari. La pili ni juu ya wale watakaompokea: watamlisha nini, watambebesha kiasi gani, na akianguka nani atawajibika. Wanaume waliopitishwa na daktari mwaka 1917 na kupangwa mstarini hawakupewa nafasi ya kuuliza hata moja kati ya hayo, na soko kubwa la Dar es Salaam linalitaja jina la kikosi chao kila siku.